Niliandika Barua ya Wenye Malori ya Mchanga kwa Jina la Mama Yangu

Admin, naomba usitoe jina langu wala kaunti ninayotoka, sema tu ni huku kwetu Ukambani. Nina miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili. Najua mtanitukana kwa comments. Tukaneni tu, mimi mwenyewe nimejitukana mpaka nimechoka.

Mwaka jana niliajiriwa Malili, kwa ofisi ya jamaa aliyeishi Amerika miaka mingi. Nitamwita Bosi. Huko alikuwa mtu wa lobbying, yaani kampuni inamlipa awashawishi wabunge wapitishe sheria fulani ama waiangushe. Alirudi kufanya kazi hiyo hiyo hapa. Mimi nilikuwa wa kuandika.

Bosi alipenda sana kutufundisha. Tukinywa chai anaanza: "Zamani huko Amerika watu wa kazi yetu walikuwa wanangoja wabunge kwa korido, wakitoka tu wanawashika mkono. Kampuni za reli ziliwapa wabunge tikiti za bure za treni. Wengine waliwaalika kwa chakula kizuri, na hapo mezani ndipo sheria zilikuwa zinapikwa. Siku hizi ni maofisi makubwa, na mbunge akiacha siasa anaenda kuajiriwa huko huko."

Siku moja nikamuuliza, "Na hiyo si hongo?"

Akacheka. "Katiba yao inampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa serikali. Sisi tunamsaidia tu kuyaandika. Hata unajiandikisha, unatangaza ni nani anakulipa."

"Na sisi tumejiandikisha wapi?"

Akaniambia ninywe chai.

Halafu yakaja mambo ya mchanga. Bunge la kaunti yetu lilikuwa na mswada wa kuzuia malori kuzoa mchanga kwa mito, na mteja wetu ndiye alikuwa mwenye malori. Bosi akasema, "Barua ya tajiri haina uzito. Nataka barua ya akina mama wanaochota maji kwa huo mto. Huko Amerika kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kutengeneza sauti ya wananchi. Unajua kikundi cha kweli?"

Nilikijua. Mama yangu ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa amenitumia picha ya orodha yao, majina na namba za vitambulisho, niwajazie fomu za miche ya machungwa. Nikaitoa kwa simu nikampa Bosi, kwa sababu alikuwa ameniahidi kazi ya kudumu.

Na barua nikaiandika mimi. Hapa ndipo najichukia kabisa. Najua vile mama huongea, kwa hivyo nikaandika kama yeye: "Sisi tunaopiga magoti kwa huu mchanga kila asubuhi ndio tunaomba malori yasizuiwe, maana vijana wetu wanapata kazi ya kupakia." Bosi alisoma akapiga makofi. "Hii imetoka kwa moyo!" Nikafurahi. Watu wangu, nilifurahi!

Barua ikasomwa bungeni, na redio ya Kikamba ikayasoma maneno yake na jina la kikundi cha mama, ikatangaza kwamba hata akina mama wa mtoni wameukataa mswada. Ukaanguka. Malori yakaingia.

Kwetu mto ukikauka tunachimba shimo kwa mchanga, maji yanatoka safi. Sasa kumebaki mwamba mtupu. Mama, na goti lake bovu, anatembea na punda asubuhi nzima kutafuta maji.

Jumapili moja baada ya ibada, rafiki yake wa tangu ujana alimsimamisha mbele ya watu. "Ulikula nini ya hao watu, hata ukatuuza sisi wote?" Mama akaapa kwa Biblia hajui chochote. Hakuna aliyemwamini. Wakamtoa uenyekiti. Siku hizi kwa kwaya anakaa peke yake.

Nilipomwambia Bosi jina la kwanza kwa ile barua ni la mama yangu, alisema, "Basi hata si uongo sana. Ni mambo ya familia." Nilitoka pale, na sikurudi. Sasa nauza nguo Kibwezi. Lakini msinisifu. Niliacha kazi, mdomo sikufungua.

Juzi mama alinipigia simu. "Mwanangu, nimeamua kwenda hapo bungeni nionyeshwe hiyo barua. Nataka kujua ni mtu gani anaweza kuongea kama mimi hivyo. Wewe umesoma. Twende unisomee."

Nikajibu, "Sawa, mwaitu." Mama yangu akanishukuru, akaniombea baraka.

Tunaenda Jumanne. Nimwambie tukiwa nyumbani kabla ya kutoka, ama nishike ile karatasi mbele ya karani nimsomee maneno yangu mwenyewe? Na wale akina mama, nitasimama mbele yao niseme nini? Tafadhali mniambie, na msikawie.