Nilivyomjibia Mwimbaji

Kabla ya yeye kuja, mimi ndiye niliyekuwa natolewa mbele kuimba. Naomba nianze hapo, kwa sababu bila hapo mengine yataonekana bahati mbaya tu, na haikuwa bahati mbaya. Waafrika wa mji huu wa Kichina tulikuwa na misa yetu ya Jumapili mchana, na kwaya yetu ilikuwa ya wafanyabiashara watupu: Wakongo wanaonunua jeans kwenye viwanda vya Xintang, Watanzania wachache kama mimi, nyimbo nusu Kifaransa nusu Kiswahili. Kwenye zaburi naimba mimi. Kwenye komunyo naimba mimi. Akija padri mgeni anaambiwa, subiri umsikie yule Mtanzania. Siku za kazi nilikuwa wakala, namzungusha mteja viwandani na kumtafsiria, naitwa huku na huku kama mtumwa. Jumapili nilikuwa mtu.

Akaja mwanamke mmoja kutoka Lubumbashi, ana miaka thelathini hivi, ananunua mikoba kwenye viwanda vya Shiling. Alikuwa mteja wangu kwanza, ndipo akaingia kwaya. Siku ya kwanza kiongozi alimwomba aimbe mstari mmoja tu wa zaburi, kumpima. Akaimba. Wale mama wa Kikongo wa benchi la nyuma, wanaopiga soga hata wakati wa mageuzo, wakanyamaza. Nilipiga makofi kama wengine wote. Viganja vilipiga, moyo umenuna.

Aliniita yaya, ndivyo wao wanavyomwita kaka mkubwa. Na kweli alinichukulia hivyo. Aliniuliza habari za nyumba, habari za visa, dawa gani ya mafua ni ya kweli. Tukienda Shiling kwa basi alikuwa akiniletea karanga alizokaanga mwenyewe. Jamani, mtu kama huyo unamwonea kijicho vipi? Nilimwonea.

Misa moja alikuwepo mama wa Kichina, mzee, mwembamba, nywele fupi nyeupe. Baada ya misa akaja moja kwa moja kwa yule dada, na mimi nikasogea kutafsiri. Kumbe alikuwa mwalimu wa kuimba, ameshastaafu. Kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja nyumbani kwake, bila malipo, akamfundisha mwaka mzima, na waliopita mikononi mwake walikuwa wakiimba kwenye majukwaa makubwa. Akasema nafasi ya mwaka huo bado iko wazi. Wiki iliyofuata akaleta CD mbili kwenye mfuko wa karatasi. Zilikuwa na opera ya Kiitaliano, mchezo wa jukwaani ambao watu hawazungumzi, wanaimba mwanzo hadi mwisho. Ya kuchekesha, akasema, na ni wachache wanaoijua, hata huko Italia kwenyewe imesahaulika. Huyu binti ajifunze wimbo wa mtumishi katika sehemu ya pili. Baada ya wiki sita aje auimbe. Akiuweza, nafasi ni yake.

Nilimtafsiria yote, neno kwa neno. Siku hiyo bado nilikuwa mkweli. Akanishika mkono kwa viganja vyake vyote viwili. Ameimba tangu mtoto, wala hajawahi kuwa na mwalimu hata wa siku moja. Nimemwona akipigania mikoba mizuri kiwandani mpaka sauti inakauka, lakini sijamwona akitaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile.

Nani siku hizi ana mashine ya CD? Tulitafuta duka la kuzihamishia kwenye simu, tukakaa kwenye mgahawa wa Wakongo pale Xiaobei, bukari na sombe mezani, yaani ugali na kisamvu, wanakwaya wengine watatu nao wapo, yule dada akabonyeza.

Mwalimu alikuwa ametueleza kisa. Mzee mmoja mwenye roho ya kutu anajifanya mgonjwa ili mpwa wake asiolewe, abaki kumhudumia. Mtumishi wa nyumba, msichana mjanja, anavaa joho la daktari na kuja kumpima. Anamtajia magonjwa yake, kwanza polepole kwa heshima, kisha anaongeza mwendo, na mzee anaitikia kwa sauti nene, maneno yakimtoka haraka mpaka unashangaa ulimi haujajifunga fundo. Mwishoni msichana hawezi tena kujizuia, anacheka. Lakini anacheka kwa kuimba. Sauti inapanda noti kwa noti mpaka juu kabisa, inashuka, inapanda tena juu zaidi, kwa pumzi moja, na kila noti unaisikia imekaa peke yake. Kule juu anaishika moja, anaipunguza mpaka unadhani imekwisha. Halafu, bila kuvuta pumzi, anaiporomosha yote mpaka chini, na chini huko bado anacheka.

Mezani hakuna aliyetafuna. Nilimtazama yule dada usoni na nikaona midomo yake inasogea, inafuata. Nikajua palepale kwamba huyu akipewa wiki sita ataufanya. Nikaogopa. Si kumwogopea yeye.

"Hii imeungwa," nikasema. "Wamekata vipande studio wakaviunganisha. Hakuna pafu la mtu linalofanya hivyo."

Na wote wakakubali, tena haraka. Katika mji huu kila mmoja wetu ni fundi wa kutilia shaka. Mkoba tunaugeuza ndani nje kabla hatujautazama nje. Mshono ukinyooka kupita kiasi tunauliza mashine gani. Tumeona viatu vyenye majina makubwa ambavyo wenye majina hayo hawajawahi kuvisikia. Mmoja akasema hata simu yake siku hizi inaweza kumwimbisha mbuzi. Tukacheka. Yule dada akacheka pia, kidogo, akazima simu. Alisema alijua, ilikuwa nzuri mno kuwa ya kweli.

Sijui kama niliyaamini maneno yangu. Nusu niliamini, nusu nilitaka yawe hivyo. Lakini Jumamosi mchana nilikaa chumbani peke yangu na vifaa vya masikioni, nikautafuta mshono. Mimi nimekagua mizigo miaka kumi na mbili, mshono haujifichi kwangu. Nikarudia mara kumi na zaidi. Nilichosikia ni mbao za jukwaa zikilia yule msichana alipotembea. Nilisikia mtu wa watazamaji akikohoa katikati ya kicheko, na sauti ya msichana ikipita juu ya kikohozi hicho bila kukatika. Nilisikia anageuka upande, sauti ikasogea mbali kidogo, akarudi. Kabla hajamaliza watu wakaanza kupiga makofi, wameshindwa kungoja. Hapakuwa na mshono. Mwanamke mmoja alisimama siku moja mbele ya watu akafanya vile, kwa mapafu yake.

Nilitakiwa nimpigie yule dada simu saa ileile. Nilikunja waya wa vifaa vyangu, nikapika chai.

Kama wiki mbili baadaye nilimfuata asubuhi kwake, tuwahi basi la Shiling. Lifti imekufa, nikapanda ngazi. Ghorofa ya nne nikamsikia. Alikuwa amesimama juu yangu kwenye ngazi, ananingoja, na alikuwa anacheka kile kicheko. Chote. Akapanda, akashuka, akapanda tena, akashika ile noti ya juu akaipunguza, akaporomoka nayo. Hakukosea hata moja. Nilisimama nikiwa nimeshika ukuta, mwili wote umesisimka. Ilikuwa nzuri. Mungu ananisikia, ilikuwa nzuri, na nilichukia.

Aliponiona akaziba mdomo kwa aibu. Akasema alikuwa anachezacheza tu, eti anaona kama kinawezekana kidogo, mimi naonaje?

"Ngazi zina mwangwi, zinambeba kila mtu," nikamwambia. "Hata mimi nikikohoa hapa utadhani naimba. Chumbani kwa mwalimu hutakuwa na ngazi. Kiache kicheko. Weka noti chache za kawaida, imba kwa usafi. Mtu asiaibike kwa kuiga mashine."

Akaitika, "Sawa, yaya." Kwenye basi akanipa karanga. Nikala.

Siku ya mtihani nyumba ya mwalimu ilinukia zeri ya misuli na maganda ya machungwa. Alikaa kwenye piano, sisi tukasimama. Yule dada alianza vizuri, magonjwa akayataja kwa mzaha wenye heshima mpaka mwalimu mwenyewe akatabasamu. Walipofika kwenye kicheko, akaweka zile noti chache nilizomshauri. Zilikuwa safi. Zilikuwa kama wali usio na chumvi. Mwalimu aliondoa mikono kwenye piano. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, mkalimani.

"Kile kicheko," akaniuliza, "hakiwezi, au ameamua kukiacha?"

Sasa, kuna jambo kuhusu kazi yetu. Wakala humjibia mteja. Mwenye kiwanda akiuliza kama mteja atakubali rangi ya kaki badala ya nyeusi, sihangaiki kumgeukia mteja, nimeshamjua, najibu mwenyewe tunaendelea. Wateja wenyewe hushukuru, tunamaliza mapema. Hakuna wakala asiyefanya hivyo. Kwa hiyo yule dada hakushangaa aliponiona nikijibu bila kumuuliza. Alisimama pale amefumba viganja, ananiamini.

"Hakiwezi, mwalimu," nikasema. "Tumejaribu sana."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Akasema ni huzuni, lakini yeye amezeeka, hana tena miaka ya kujenga kitu kama hicho kutoka chini. Anahitaji mtu anayekuja nacho. Nikamgeukia yule dada nikamwambia kwamba mwalimu amesema una sauti nzuri, ila nafasi amempa mwingine, anakushukuru kwa kuja. Akamshukuru kwa kuinama, Kichina chake cha wakati ule kilikuwa cha kuinama tu. Kwenye ngazi za kushuka akaniomba radhi. Yeye, akaniomba mimi radhi, kwamba amenipotezea siku.

Ningependa niandike kwamba tangu hapo sikupata raha. Uongo. Nilipata. Yeye aliacha kuimba, hata kwaya akaacha, akawaambia watu kazi za mikoba zimezidi. Pasaka nikaimba mimi, peke yangu mbele, na nilifurahi. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane, nina watoto Dar wananiita baba, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniunguza uso hata sasa ninapoandika, zaidi ya uongo wenyewe.

Ilipita miaka mitatu. Kichina chake kikakua, akawa anakwenda Shiling mwenyewe bila wakala, anabishana na wenye viwanda mpaka wanamwogopa. Halafu akaamua kurudi Lubumbashi moja kwa moja. Mizigo yake ya mwisho ilikuwa imeshafika bandarini Huangpu. Akaniomba tukutane mgahawa uleule, mchana, nikadhani ni kuagana. Nilimnunulia mtoto wake, aliyemwacha kwao Lubumbashi, kofia.

Hakugusa chakula. Akasema alikuwa anasafisha simu, anafuta vitu vya zamani apate nafasi, akakuta ameirekodi ile siku ya kwa mwalimu. Alirekodi ili ajifunze makosa yake, wanakwaya wote hufanya hivyo, ila baada ya matokeo hakuwa na moyo wa kusikiliza. Sasa amesikiliza. Akaiweka simu mezani. Nikasikia piano ikinyamaza, nikasikia swali la mwalimu, nikasikia sauti yangu, nzuri, tulivu, sauti ya mtu wa kuaminika. Nilitamani sakafu ya ule mgahawa ipasuke.

"Siku ile kwenye ngazi," akaniuliza, "ulikuwa umenisikia chote?"

"Nilikusikia chote."

"Na ulijua naweza."

"Nilijua."

Hakulia, hakutukana. Heri angenitukana. Akaniambia nimpigie mwalimu, nimwambie. Palepale.

Namba bado nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Mwalimu aliitika kwa sauti iliyochakaa zaidi. Nikajitambulisha, nikamwambia kwamba jibu la siku ile lilikuwa langu, si la mwanamke yule. Kwamba kile kicheko alikiweza, na mimi ndiye niliyemwambia akiache. Kisha mwalimu akasema hafundishi tena kila siku, lakini masikio yake bado mazima, na kama binti yupo hapo basi aimbe sasa hivi, hata kipande tu, asikie.

Nikamgeukia yule dada nikafungua mdomo nimtafsirie.

"Nimesikia," akasema.

Akainamia simu. Alizungumza Kichina cha viwandani, kisicho na madaha, lakini kila neno lilikuwa lake. Alimwambia mwalimu asante. Alisema alikuwa akikiweza, ni kweli, ila sasa haimbi, mwaka wa tatu huu, na sauti ikikaa hivyo si ileile, amejaribu jana na juzi bafuni na haipandi. Mwalimu akamuuliza, kwa upole sana, kwa nini aliacha.

"Huyu anajua," akasema. Akaisukuma simu yangu kwangu, akachukua mkoba wake, akatoka. Kofia ya mtoto ilibaki juu ya kiti.

Mwalimu aliendelea kuuliza. Upo? Kwa nini aliacha? Wakongo wa meza ya jirani, ambao Kichina wanakijua vizuri kama mimi, walikuwa wameacha kula. Nikamwambia mwalimu nilimwonea wivu, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nilipoyasema hayo yule dada alikuwa ameshavuka barabara.