Swichi Iliyofungwa kwa Waya

Ngumi ya kwanza ilimpata fundi wa kuchomelea mdomoni, na aliyeirusha alikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa na mashine ya kusaga mahindi katika soko dogo upande wa Lurambi. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, na wote wawili walitumia stima ya transfoma moja, ndogo. Kwa hiyo walikuwa na desturi: anayetaka kuwasha anagonga ringi ya gari iliyoning'inia mlangoni, mwenzake anapunguza kazi mpaka mashine itulie. Mimi nilifurahi kuona hivyo. Mradi wangu wa mwisho chuoni ulihusu treni za mwendo kasi na kiasi cha umeme ambacho kila moja inaruhusiwa kuvuta kutoka kwenye waya ulio juu yake. Zikiondoka nyingi kwa pamoja, volti inaanguka na zote zinakosa nguvu.

"Treni ya kasi?" kaka alinicheka. "Injinia, hii yetu ya Butere, hata ingokho, kuku wa mama, huvuka mbele yake akiendelea kudonoa."

Siku hiyo ya soko mashine ilikuwa imeshiba mahindi. Fundi akawasha. Taa zikafifia, mota ikaguna, ikatema moshi, kisha ukasikika mlio kama wa risasi kutoka kwenye transfoma. Stima ikapotea soko zima.

"Hakugonga!" kaka akafoka, akavuka barabara.

"Nimegonga, ndugu yangu! Mimi nagonganga kila siku!"

Ndipo ngumi ikatua. Fundi alitema jino, na kabla hajafuta damu wengine walikuwa wamemfikia: kinyozi, muuza samaki ambaye friji lake lilikuwa limezima, waendesha bodaboda. Walimburuta kwa miguu hadi barabarani, kichwa chake kikigonga mawe. Mtu akamkanyaga mbavu. Mwingine alivingirisha tairi kutoka kwa mziba pancha.

"Leta petroli! Ametuchomea transfoma!"

Nilifanya jambo ambalo nyumbani wananichukia kwalo. Nilimuuliza mtu aliyefika na chupa ya petroli. "Ulikuwa wapi alipowasha? Ulisikia nini?"

"Wewe nyamaza," aliyeshika chupa akaniambia, "ama tuanze na wewe."

Lakini swali jingine lilikuwa linanisumbua: kwa nini mota haikujizima? Treni ya kasi, volti ikishuka, mitambo yake huilazimisha ivute umeme kidogo. Mota ya kusaga hufanya kinyume. Ikinyimwa volti inazidi kuvuta, na ndiyo sababu hufungiwa swichi ya kinga ya kuikata kabla haijaungua. Nilikimbia ndani nikafungua kisanduku ukutani. Swichi ilikuwa imekazwa kwa waya wa shaba, ukasokotwa kwa koleo ili isiweze kukata. Hakuna aliyegusa kisanduku kile ila kaka. Alikuwa akilalamika kila mara kwamba swichi inamzimia mashine wateja wakiwa kwenye foleni.

Kundi lile lilitaka mtu. Nikinyamaza, fundi angechomwa. Nikisema, huenda mtoto wa mama yangu angevishwa tairi.

"Mota imeungua na kulipua transfoma kwa sababu kinga imefungwa waya!" nilipaza sauti mlangoni. "Njooni muone wenyewe!"

Kaka ndiye aliyefika kwanza, na mtaimbo mkononi. "Nani amekutuma?"

Nilisikia mfupa wa mkono wangu ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Sidhani kama kuna aliyeelewa maneno yangu kuhusu swichi. Walichoelewa ni pigo lile. Mwenye haki angempigia nini ndugu yake? Wakamgeukia. Mawe yalimpasua kichwa, mashine ikabomolewa kwa nyundo ya fundi mwenyewe, na kaka akajitupa kwenye shamba la miwa nyuma ya soko akakimbia huku damu ikimfumba macho.

Fundi yu hai, ingawa jicho moja halioni. Kaka yuko Khwisero kwa wakwe zake na hataki kusikia sauti yangu.

Mama alikuwa ananifunga upya kitambaa mkononi aliponiuliza, "Kwani ungenyamaza, mwanangu, ungekosa nini?"

"Na fundi, Mama? Hana mama?"

"Anaye. Jana huyo mama yake alikuja hapa kukushukuru. Nikamwambia umelala."

Kisha akakaza fundo mpaka nikapiga kelele, na hakulilegeza.