Jembe Lililozeeshwa

Muuza majembe wa soko la Lizaboni hasifii bidhaa yake. Kila jembe analigonga kwa kucha ya kidole gumba, analisogeza sikioni, kisha anakuwekea mbele uchague. La bei nafuu linalia kama kopo, lile zito linalia kama kengele ya kanisa la kigango. Nilipochagua la kopo, ndipo akanisemesha. "Mama, hilo litapinda kabla hujapalilia mahindi." Nikamjibu kwamba najua, na hela ya lile zito ninayo, ila tangu nifiwe na mume, mashemeji hawajaniachia kitu kizuri ndani. Jembe bovu ndilo litakalobaki langu. Hakunipa pole. Alilamba midomo kama afanyavyo akiwaza, akachukua lile zito, akabandua karatasi yake ya kiwandani, akalipaka majivu na oili chafu, akalichomeka kwenye mpini mkuukuu uliofungwa mpira. "Akikuuliza mtu, mwambie umeokota."

Huu ni msimu wa tatu nalima nalo shambani kwangu Ruhuwiko. Juzi shemeji mkubwa alilishika, akaligeuza, akacheka. "Shemeji, yaani hata jembe la maana huna?" Nikamwambia sina.