Gego Aliloniahidi Bibi

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mbishi, na ninaweza kuandika hivyo leo kwa sababu hayupo kunibishia. Alibishana na mchungaji kuhusu siku ya Pasaka. Alibishana na dereva wa basi la Mbeya kuhusu njia, naye basi lenyewe hakuwahi kulipanda. Kiswahili alikijua cha kutosha kugombana, basi. Mambo ya upole aliyasema kwa Kihehe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasi tuliishi kijijini, upande wa Igowole. Baba na mama walikuwa Mbeya, ambako baba alikuwa mpishi wa Mzungu, na mimi, binti yao, niliachwa kwa bibi ili nimchotee maji. Kila alipokuja likizo, baba aliniletea mfuko wa pipi ngumu, nyekundu na kijani. Watoto wengine wakipewa walizitafuna zikaisha papo hapo. Mimi nilikuwa mchoyo. Niligundua kwamba pipi ukiilaza shavuni, upande wa kushoto, bila kuinyonya sana, unalala nayo na asubuhi unaamka utamu bado uko mdomoni. Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima. Masika, wakati wa kugema mianzi, nilishushia na mtogwa, yaani ulanzi mbichi ambao haujachacha, mtamu kupita kiasi. Mswaki niliutumia Jumapili tu, kwa heshima ya Mungu.

Gego lilipoanza kuuma nilikuwa na miaka saba.

"Mdudu ameingia," bibi akasema.

Jino likiuma, lilikuwa na mdudu. Hilo halikuwa na mjadala. Bibi akachuma ndulele, akakausha mbegu zake, akazimwaga juu ya kigae cha moto. Akanifunika blanketi na kuniambia niachame juu ya ule moshi, bakuli la maji likiwa chini ya kidevu. Nilikohoa, nikatoa machozi na makamasi, nikaapa sitakula tena kitu chochote maishani. Alipofunua blanketi alichokoa kwenye maji akanionyesha vitu vyeupe, vidogo.

"Unawaona? Watatu!"

Nami niliwaona. Leo najua zilikuwa mbegu zilizopasuka kwa moto, lakini siku ile niliwatazama kwa fahari, mimi mwenye wadudu wangu watatu. Kesho yake shavu lilivimba hadi jicho likafumba. Bibi akasema kumbe alikuwepo wa nne.

Ndipo tukaenda kwa miguu hadi zahanati ya misheni. Dresa tuliyemkuta, yaani mganga msaidizi wa kufunga vidonda na kung'oa meno, alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe, na foleni yake ilifika nje.

"Kamwene," bibi akamwamkia, kwa sauti ya mtu aliyekuja kukagua.

Dresa akanichungulia mdomoni, akatikisa kichwa.

"Mama, hili limeoza mpaka kwenye mzizi. Lazima tuling'oe. Ila nikwambie mapema, hili ni la ukubwani. Likitoka halioti tena."

"Mtoto ana miaka saba," bibi akasema. "Angalia hapo mbele. Mawili yametoka mwaka huu na yameota. Hili lina nini?"

"Yale yalikuwa ya utoto, mama. Gego hili huja lenyewe nyuma ya mengine, mtoto akiwa na miaka kama sita, na halina jingine la kulifuata. Ndiyo maana linataka kutunzwa. Apige mswaki kila siku, na hizo pipi za kulala nazo aache."

"Wewe umezaa wangapi?"

Dresa akakiri kwamba hata kuoa bado.

"Mimi nimezaa tisa," bibi akasema, na foleni nzima ikamwona ameshinda.

Tatizo ni kwamba mimi nilimwamini dresa. Mtu mwenye koti kama lile hawezi kudanganya. Nikafumba mdomo, nikaukaza, na hawakuweza kuufungua, si dresa, si mwanamke wa foleni aliyejitolea kunibana pua. Afadhali shavu lililovimba kuliko pengo la milele.

Hapo bibi akapiga magoti mbele yangu, watu wote wakiona, akaachama. Bibi alikuwa na meno yote, imara. Mahindi makavu ya kukaanga aliyatafuna akizungumza. Akagusa gego la chini kushoto, mahali pale pale palipokuwa pananiuma mimi.

"Likiota, limeota," akasema kwa Kihehe. "Lisipoota, nitakupa hili. Umesikia, mke mwenzangu? Hili hapa."

Nikalitazama. Lilikuwa jino zuri. Nikafungua mdomo.

Kuhusu kung'olewa kwenyewe sitasema mengi. Ganzi haikuwepo. Nilimng'ata dresa, na dresa aliendelea.

Tulipofika nyumbani tulifanya kama ilivyo desturi: jino linarushwa juu ya paa, na mwenye jino anaomba jipya. "Chukua bovu, nipe zima!" nikapiga kelele, nikarusha. Jino likagonga nyasi za paa, likateleza, likaanguka uani, na kabla sijainama kuku mwekundu akalidonoa na kulimeza.

Bibi akawa amepata alichokihitaji. Miezi ilipita, nami kila asubuhi nilipapasa pengo kwa ulimi nisikute kitu. Nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Si maneno ya dresa. Ni kuku."

Krismasi ilipofika, kuku mwekundu akahukumiwa. Bibi aliipasua firigisi kwa mkono wake, akaimwaga kwenye ungo, akapekua changarawe moja moja. Jino hakuna. Akasema limeshasagika. Mimi nilipewa paja, nikalitafuna kwa upande wa kulia, kwa hasira.

"Na lako utanipa lini?" nikauliza.

"Subiri. Meno mengine huchelewa."

Hakukubali kwamba ameshindwa. Ila alianza kutekeleza kila neno la dresa, kana kwamba amelitunga yeye. Asubuhi alisimama mlangoni na kijiti cha mswaki alichokwisha kukiponda ncha, na uji hukupewa mpaka umesugua mbele na nyuma na yeye amenusa. Mtogwa nikakatazwa. Pipi za baba alizichukua zote, mfuko mzima, akisema zinaharibu meno ya watoto. Nilidhani anazitupa. Lakini bibi hakuwahi kutupa kitu. Siku moja nilimkuta shambani akipalilia viazi, shavu la kushoto limetuna.

"Bibi, hiyo nini?"

"Mimi si mtoto," akasema, akahamishia upande wa pili.

Niseme haki yake: meno yangu mengine yalipona kwa sababu ya ukali wake, na nimeyatumia vizuri mpaka uzeeni. Lakini nilipokuwa binti wa miaka kumi na mitatu, nikiwa nimefaulu kwenda shule ya bweni, shavu lililovimba lilikuwa la bibi. Hakutaja mdudu. Alikwenda zahanati peke yake, akakataa kusindikizwa, akarudi amejifunga kitambaa kichwani kupitia kidevuni.

Kesho yake, asubuhi ya kuondoka kwangu, sanduku likiwa tayari mlangoni, alifungua fundo kwenye pindo la kaniki yake akaniwekea kitu kiganjani.

"Shika. Nilikuahidi."

Lilikuwa gego. La chini, kushoto. Nikaligeuza.

"Bibi, lina tundu."

"Lako lilikuwa zima?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya sanduku. Kisha nikajikuta ninalia, kwa kuwa nilikuwa naondoka, na kwa kuwa miaka yote ile nilidhani amesahau, kumbe hakusahau hata siku moja. Nikajifuta uso, nikatoka uani, nikarudi nyuma hatua mbili, nikainua mkono nilirushe juu ya paa, kwa mazoea tu.

Bibi akanifuata akanishika mkono.

"Acha," akasema kwa Kihehe, polepole, pamba ikiwa bado mdomoni. "Halioti."