Jina la Kipa na Kitanda Namba Moja

Nakumbuka Jumapili moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nimesimama kando ya uwanja wa chuo kimoja pale Guangzhou, kanga nimejitanda juu ya jaketi, nikimpigia kelele kipa wetu mpaka Wachina waliokuwa wakipita na baiskeli wakasimama kunitazama. "Toka golini, Kassim! Mpishe mwenye miguu!" Ndiyo maneno niliyosema, mwanangu, na niliyasema kwa sauti ya kutaka yasikike. Leo nimekuita ukae hapa kwa sababu jana nilikusikia mbele ya televisheni. Ulisema yule kipa atolewe, na wale waliogoma kucheza wafukuzwe wote waletwe wengine. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiwa na umri wako. Kwa hiyo nivumilie kidogo, chai ipo.

Kwanza ujue kwamba mpira wa magongo naujua. Sijapata kuucheza hata dakika moja, lakini nimekulia Unguja katika nyumba ya wajomba watatu walioucheza, na chakula cha Ijumaa kilikuwa hakiliwi mpaka kwanza wagombane ni nani aliyeiharibu kona. Nikaja Guangzhou kununua viatu vya jumla kule Liuhua, karibu na stesheni ya treni. Nilipokuta Watanzania wenzangu wana timu ya magongo, uchovu wote wa safari ulinitoka. Wenzangu walijivunia dhahabu zao, mimi nilijivunia timu. Mpaka leo najivunia, sikufichi.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo. Wakati ule tulikuwa wachache mno kupata watu kumi na moja, kwa hiyo tulicheza saba kwa saba na wafanyabiashara wa Kipakistani, na wale, mwanangu, magongo wamezaliwa nayo. Wachezaji wetu karibu wote walikuwa wapakiaji wa Bwana Jaffari, wakala wa mizigo mwenye ofisi Sanyuanli. Siku sita walifunga marobota ya nguo na kuyashusha ngazi kwa migongo yao, ya saba wakashika magongo. Bwana Jaffari ndiye aliyenunua jezi, na ndiye aliyepanga chumba walicholala, juu ya ofisi. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye kupenda kusifiwa, na timu ile ilikuwa fahari yake kama ilivyokuwa yangu.

Sasa nahodha wetu, Mrisho wa Tanga, hakupenda kuchagua nani acheze na nani akae. Alisema atamwachaje mtu Jumapili, kisha Jumatatu washike robota moja, huyu huku na yule kule? Bwana Jaffari akanigeukia mimi. "Dada Salma ana jicho, tena ana mwandiko mzuri." Basi kila Alhamisi nikawa naandika majina, saba wa kuanza na wawili wa akiba, na kubandika karatasi mlangoni mwa ofisi. Hebu fikiria: msichana wa miaka ishirini na sita, wanaume wazima wamejipanga kusoma mwandiko wangu. Kichwa kikavimba. Nikawa natembea Sanyuanli kama mwenye mtaa.

Kassim alikuwa mtu wa Pemba, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho bila kutoa sauti. Alikuwa ametudakia vizuri tangu timu ianze. Kisha kwa majuma matatu mfululizo akafungwa mabao ambayo hata mimi na kanga yangu ningeyazuia. Mpira ukija upande wake wa kulia, haendi. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa shabiki mwenye kalamu, na niliona inatosha. Mechi iliyokuwa inakuja ilikuwa kubwa, kwa sababu Bwana Jaffari alikuwa amewaalika malaoban, ndivyo tulivyowaita mabosi wa Kichina wa pale sokoni, waje waione timu yake. Alhamisi ile nikaandika golini jina la Emanueli, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Moshi aliyekuwa hajamaliza hata mwezi kwenye timu. Kassim sikumweka hata akiba. Nikabandika karatasi, nikaenda zangu kuangalia viatu.

Ijumaa mchana, baada ya sala, nikapata habari kwamba wachezaji wamegoma. Nilikuta marobota yamejaa mpaka kwenye ngazi, nao wamekaa juu yake, magongo mapajani. Hawapakii, na Jumapili hawachezi. Hata Emanueli, ambaye hakuwa mpakiaji na ndiye niliyempa nafasi, alikuwa amekaa nao na vitabu vyake. Kontena lilikuwa linasubiri mzigo. Bwana Jaffari alikuwa anazunguka ofisini na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

Mwanangu, niliwapa vidonge vyao! "Nyinyi mnajiona nani? Mtu kawavika jezi, kawapa pa kulala, leo mnataka kumwaibisha mbele ya wageni? Kama Kassim ni rafiki yenu mpelekeeni maandazi, golini asirudi. Na asiyetaka kucheza aseme, watu wapo!"

Mrisho alinitazama tu. "Dada Salma, jina la Kassim lirudi," alisema.

Nikamjibu kwamba timu haipangwi kwa huruma. Nilidhani nimemshinda. Kumbe Kassim mwenyewe, kwa kuona haya, alikuwa amewakataza wasinieleze chochote.

Aliyenivunja kiburi ni Mama Riziki. Huyu alikuwa mtu mzima, mfanyabiashara wa mapazia kutoka Kariakoo, na tulipanga chumba kimoja mimi na yeye. Magongo hakuwa na habari nayo kabisa. Mchezo wetu aliuita kufukuzana na fimbo. Siku ile alikuwa kwenye kona ya ofisi akifunga katoni zake, na maneno yangu aliyasikia mwanzo mpaka mwisho. Akaweka mkasi chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya, twende juu. Huko juu hujawahi kufika wewe."

Kweli sikuwahi. Chumba cha wanaume, ningefuata nini? Mama Riziki akapiga hodi, tukakaribishwa, mlango tukauacha wazi. Ndani mlikuwa na vitanda vya chuma, vya juu na vya chini, na kila kitanda kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Zilikuwa namba za jezi. Mama Riziki akanieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Chumba kile kilipangwa kwa ajili ya wachezaji. Aliye kwenye karatasi ya mlangoni, awe wa kuanza au wa akiba, ana kitanda. Asiyekuwemo anampisha mwenzake kabla ya Jumatatu. Na mimi sikulijua hilo kwa sababu tangu timu ianze nilikuwa nawazungusha wale wale tisa, huyu anaanza, yule anangoja. Emanueli alipokuja, tukawa kumi, na Kassim akawa mtu wa kwanza kutoka kabisa kwenye karatasi yangu.

"Wewe ulidhani unapanga mpira," alisema. "Mwenzako anahama. Atakwenda wapi katika mji huu, na goti lile? Limevimba tangu robota limwangukie kwenye ngazi hizi hizi ulizopanda sasa hivi. Uliuliza?"

Kassim alikuwa amekaa kwenye kitanda namba moja, mguu umenyooshwa juu ya katoni, mfuko wake wa nailoni umeshafungwa zipu. Goti lilikuwa kama papai. Alipotuona alitaka kusimama kwa adabu, tukamzuia. Pedi zake za miguuni alikuwa amezipangusa na kuziegemeza ukutani, tayari kwa Emanueli.

"Vyema umekuja, Dada Salma," alisema. "Mwambie Emanueli wale jamaa kona fupi wanaipiga kulia, chini chini. Mimi nilikuwa naiona inakuja, ila mguu haukubali."

Hakuna tusi ambalo lingeniuma kama maneno yale. Nikawa mdogo kama piritoni. Nililia mbele yake na mbele ya Mama Riziki, na Kassim masikini ndiye aliyekuwa ananibembeleza.

Nikashuka kwa Bwana Jaffari. Ujue, viatu vyangu vyote vya msimu ule vilikuwa vinakwenda kwenye kontena lile lile, na yule bwana nilikuwa namwogopa. Nikaweka kalamu mezani kwake. Nikamwambia siandiki tena jina la mtu mpaka karatasi ya mpira na vitanda viachane.

Alicheka kwanza. "Salma, kitanda ni cha mchezaji. Sasa asiyecheza nimfanyeje? Leo nikiwasikiliza hawa, kesho kila mtu atanigomea."

"Goti ameumia kwa robota lako, Bwana Jaffari, hakuumia kwa mpira. Na apone kwenye kitanda chake."

"Na malaoban wakija Jumapili?"

"Watawaona Wapakistani wakicheza peke yao."

Ulimi ule sijui niliutoa wapi. Nikatoka nje, nikatandika kanga juu ya robota, nikakaa na wagomaji. Mrisho alisogea kidogo kunipa nafasi, na mimi nikamwomba radhi yeye na wenzake, kwa sauti ile ile niliyowatukania, ili wote wasikie.

Jumamosi asubuhi tulikuwa pale pale. Mama Riziki alituletea ubwabwa na kachumbari, akatuita wavivu wake. Bwana Jaffari alipita mbele yetu, akarudi, akapita tena. Mwisho akapanda ngazi mwenyewe kwenda juu. Walizungumza nini na Kassim sijui mpaka leo, Kassim hakunisimulia nami sikumchimba. Aliposhuka hakututazama usoni. Alisema Kassim habanduki kitandani mpaka apone, au mpaka mwenyewe atake kurudi kwao, na tangu siku hiyo karatasi ya mlangoni ni ya mpira tu. Kisha akaagiza rangi nyeupe, zile namba za vitandani zikafunikwa moja moja. Mrisho akaruka chini, "Haya jamani, kontena linatungoja!" Walipakia mchana kutwa. Bwana Jaffari naye alivua koti, akashika upande mmoja wa robota, akaenda nalo hatua kumi, akalitua akihema kama amekimbizwa. Tulimcheka, naye akacheka.

Jumapili asubuhi nikaandika karatasi upya. Golini nilimwacha Emanueli, kwa sababu goti lile halikuwa la kucheza, na hilo Kassim mwenyewe alilisema kabla yangu. Lakini juu kabisa, kabla ya majina yote, niliandika: Kassim, kipa wetu.

Tulifungwa tatu kwa moja. Usinicheke! Watu walikuwa wamepakia kontena zima jana yake, miguu mizito, na bado walikimbia mpaka filimbi ya mwisho. Kona fupi mbili zilipigwa kulia, chini chini, na zote mbili Emanueli alizifuata akazizuia, huku Kassim kwenye kiti cha plastiki akipiga kelele kuliko mimi. Mmoja wa malaoban akamwuliza Bwana Jaffari mbona waliofungwa ndio wanaoimba. Mwanangu, nimeshangilia timu nyingi tangu siku zile, nyingine zimebeba vikombe, na hakuna iliyonitia fahari kama ile. Nilijivunia Mrisho, aliyenisogezea nafasi wakati alikuwa na haki ya kunifukuza. Nilijivunia Emanueli, aliyeikataa nafasi ya mwenzake hali alikuwa anaitamani. Hata mimi nilijivunia kidogo, kwa kuwa nilichelewa lakini nilifika. Na Kassim alilala kitandani kwake mpaka goti likapona, akarudi golini, akawa ananitania kila nikipita: "Dada Salma, leo nimo?"

Basi nikwambie ninachotaka ukishike. Kumsema mchezaji ni haki yako. Sema hafai, sema amechoka, mimi mwenyewe mpaka leo nasema na sitaacha. Lakini kabla hujataka jina la mtu litoke, uliza anapoteza nini likitoka, na uliza anaumwa wapi. Ukisikia watu wamegoma, wawe wachezaji, walimu au wapakiaji wa bandarini, usianze na "hawana shukrani" kama nilivyoanza mimi. Panda ngazi kwanza, uone wanapolala. Ukishaona kwamba ulikosea, waombe radhi kwa sauti ile ile uliyowatukania, kisha kaa nao, hata kama mzigo wako umo kwenye kontena hilo hilo. Najua siku itakuja utapewa kalamu wewe, kwani kichwa unacho, na nitajivuna siku hiyo. Iandike timu unayoiamini. Ila asiwepo mtu atakayekosa pa kulala kwa mwandiko wako, nawe hujui.

Mungu akupe jicho la kuuona mchezo na moyo wa kuuliza. Akupe wenzako ambao jina lako likifutwa watakaa juu ya marobota kwa ajili yako. Na popote utakapolaza ubavu, ugenini au nyumbani, pawe ni pako, asipatikane wa kukuondoa. Amina.

Sasa washa hiyo televisheni tumtazame yule kipa wako. Tangu jana namwona anachechemea.