Homa Yangu Mpakani, Pale Rockville

Mnavyoniona nimetulia hivi mnadhani sijawahi kuumbuka, lakini ipo siku pale Rockville, Marekani, niliumbuka kwa lugha mbili, na zote mbili nilizisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Kazi yangu ni ukalimani. Wakati ule nilikuwa kibarua tu kwenye taasisi moja ndogo ya afya, naitwa wakinihitaji, na bosi wangu Linda (Mmarekani mpole, ila macho yake hayapitwi na kitu) alikuwa ameniahidi kwamba mkutano huu ukienda vizuri, naajiriwa moja kwa moja. Mkutano wenyewe ulikuwa wa maofisa wa afya wa Tanzania na Kongo, majirani wa Ziwa Tanganyika, wakubaliane namna ya kupashana habari mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza akivuka mpaka. Siku mbili nzima wakakwama kwenye swali moja: mgonjwa akiwa raia wa huku na akagundulika kule, ni wa nani?

Sasa, Jumapili kabla ya mkutano kulikuwa na maandalizi, nami nikamwambia Linda siwezi kuja, shangazi yangu mgonjwa sana. Uongo mtupu. Nilikwenda kwenye kichen pati ya kumfunda bibi harusi, Bladensburg. Jumatano nikaamka mwili unauma, koo linakwaruza, na badala ya kupiga simu niseme ukweli (ningesemaje tena naumwa, wakati ruhusa ya ugonjwa nimeshaitumia kwa shangazi?) nikameza vidonge viwili vya homa, nikajifunga skafu, nikaenda. Huo ndio uamuzi wenyewe jamani, hakuna mwingine.

Siku hiyo kulikuwa na zoezi. Walibandika utepe wa bluu kwenye zulia, huo ndio mpaka, meza ya Tanzania upande huu, ya Kongo upande ule. Msafiri wa kuigiza alikuwa mwanafunzi kutoka Fairfax, naye akakwama kwenye foleni ya magari, basi Linda akaniambia vuka wewe. Nikavuka. Nikakohoa, ukumbi ukapiga makofi, wakidhani naigiza. Daktari Furaha wa Kongo akanielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, kikalia. Akapima tena, kikalia tena.

"Bon, mama," akasema polepole, "joto yako iko juu ya kweli. Utabakia kwanza huku."

Linda akauliza kama hiyo ni sehemu ya zoezi. Nikatafsiri. Daktari akajibu hapana. Nikatafsiri na hilo.

Nikavishwa barakoa, nikakalishwa peke yangu dirishani, na kwa kuwa mkalimani mwingine hakuna, nikawa natafsiri kwa kupiga kelele kutoka huko huko. Bwana afya Kasimu wa Tanzania akashika fomu. "Dada, usitufiche kitu. Siku nne hizi umekuwa na nani?"

Nikawaza kuchakachua ile tafsiri, lakini Kasimu Kiingereza anakijua vizuri, anaona uvivu tu kukisema. Nikajibu kwa Kiswahili, nikamrudia Linda kwa Kiingereza: Jumapili nilikuwa kwenye kichen pati. Watu? Kama sitini. Mlikula vipi? Pilau, sinia moja watu sita. Mlicheza? Tulicheza.

"Uliyekaribiana naye zaidi ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Na yeye hali yake?"

"Mzima. Ndiye aliyekuwa anaongoza kucheza."

Kiingereza chake kikanitoka kwa sauti ya mbu. Linda akasema rudia, sijasikia. (Alisikia.) Nikarudia.

Halafu wakaanza kunigombania. "Huyu wetu, ni wa Tanga," akasema Kasimu. "Lakini miye njo nilimupata, tena huku kwangu," akasema Daktari Furaha. Wakavutana, mara Kasimu akacheka: "Basi Daktari, wewe ukimwona unanipigia saa hiyo hiyo, na mimi nawatafuta aliokaa nao." "Iko sawa." Swali la siku mbili likaisha kwa dakika kumi, nami nikalitafsiri huku machozi na makamasi yananitoka, na wajumbe wote wamevaa barakoa, maana chai ya asubuhi niliwamiminia mimi.

Nikapimwa, yakawa mafua ya kawaida, nikashukuru Mungu. Kesho yake wakasaini makubaliano. Kazi nilijua imekwenda, lakini Linda akaniita akasema mtu aliyetafsiri aibu yake bila kuruka neno, ukalimani wake yeye hana wasiwasi nao, na akaniajiri.

Niliapa sitaficha homa tena maishani. Mwezi uliopita nikaamka nachemka, vidonge sikuvigusa, nikampigia Linda saa moja asubuhi nikamwambia naumwa.

"Pole sana," akasema. "Unaumwa wewe, au shangazi anatafuta mtu wa kucheza naye?"