Behewa Moja Kushoto, Moja Kulia

Mzee wa meli ametuacha. Habari hizo nilizipata sokoni Amagoro, kwa mama anayeniuzia omena, wale dagaa wa ziwani: "Yule rafiki yako wa kupanga watu kama mizigo, ameenda." Sikuuliza ni nani. Kutoka hapa hadi Malaba, mwenye tabia hiyo alikuwa mmoja tu, na aliipata kwenye ile meli ya Kisumu yenye reli juu ya sitaha, ambayo husukumiwa mabehewa ya treni ndani yake ili iyavushe ziwa hadi Uganda.

Tulikutana stesheni ya Malaba, siku ilipopita treni iliyobeba mashua. Mashua yenyewe ilikuwa ya chuma, imefungwa minyororo juu ya behewa lisilo na kuta, ikipelekwa Uganda. Vijana wa boda boda walikuwa wakicheka. "Mzee, hii kitu imepotea njia," mmoja akamwambia. "Maji iko wapi hapa?" Mzee alikuwa amevua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. "Haijapotea," akajibu. "Mimi nimevusha treni juu ya maji mpaka nikaota mvi. Leo treni inarudisha mkono." Mimi ni mwandishi wa habari; nilikuja kutafuta habari ya mashua, nikaondoka na habari yake.

Alinieleza kwamba meli ile haipakiwi ovyo. Ukijaza upande mmoja kwanza, inalala. Kwa hiyo huingizwa behewa moja kushoto, moja kulia, bila kujali mzigo ni wa nani. Meli iliposimamishwa kazi alirudi Amagoro kulima mihogo, lakini mazoea hayakustaafu. Kanisani alikuwa akiwahamisha waumini kutoka upande uliojaa: "Mama, sogea huku, tutazama." Watu walicheka, lakini walisogea.

Siku ya posa ya binti yake wa mwisho, nami nikiwa mmoja wa waalikwa, mwanzoni hakuna aliyecheka. Kijana alitoka Tororo, upande wa Uganda. Wote ni Wateso, wa huku na wa ng'ambo, ila familia zilikuwa zimekwisha kugombana juu ya harusi ifanyike upande gani wa mpaka, na wazee wa kijana walikuwa wameapa kwamba wasipoelewana siku hiyo hawatarudi tena. Wageni wakakaa hema moja, wenyeji hema lingine, katikati nyasi tupu. Binti alisimama mlangoni mwa jiko, leso imesokotwa mikononi. Ndipo baba yake akaanza kazi: mgeni mmoja, mwenyeji mmoja, mgeni, mwenyeji. Mjomba wa kijana akafoka, akimwita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, tumekuja kuposa, hatukuja kupakiwa!"

"Mkwe wangu, wewe ni mtu mzito," mzee akamjibu. "Ukikaa na wenzako wote huko, hii boma itapinduka."

Kisha shangazi wa binti, mwanamke mwenye mwili wake, akaangua kicheko, akaenda kuketi ubavuni mwa mjomba huyo. Hapo minong'ono ikakosa mahali pa kujificha, kwa maana kila mtu alikuwa na mtu wa upande mwingine sikioni. Yaliyokuwa moyoni yakasemwa kwa sauti, mengine makali, lakini kabla chakula hakijapoa walikuwa wamekubaliana: kanisa Malaba, karamu Tororo. Nilitazama mlangoni mwa jiko. Binti alikuwa amejifunga leso kiunoni, anapakua.

Meli ilirudi kazini mzee akiwa hai. Binti na mumewe walimpeleka Kisumu, akasimama gatini akifuata mabehewa kwa kidole, kushoto, kulia. "Hawajasahau," akasema.

Tumemzika kando ya shamba lake la mihogo. Nilipofika niliwaona waandishi wenzangu wamekaa pamoja, nikaelekea kwao. Mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa yule mjomba wa Tororo. "Upande huo umejaa, ssebo," akaninong'oneza. "Kaa huku." Niliketi kati ya mama mmoja wa ng'ambo na jirani wa marehemu, tukaimba kwa kitabu kimoja. Mpakani tumezoea kuwasifu wanaolinda pande zao. Wanaosawazisha mzigo ndio wanaotuvusha, na nimeona kwa macho yangu kwamba kazi hiyo hufundishika hata kwa aliyeikataa.